Chujio na Chupa za Tope

Jina la Chujio alilipata uzeeni, tena kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa mchimba visima. Miaka thelathini na kitu alishinda chini ya ardhi na sururu fupi, na mtu akizoea kushinda shimoni hupoteza tabia ya kuongea, maana wa juu hakusikii na wa chini hayupo. Magoti yalipomtoa shimoni, ukimya wake alitoka nao. Neno moja lilimtosha asubuhi, jingine jioni. Yaliyobaki alimwachia mkewe, na mkewe hakuyaacha yaoze.

Huyo mkewe alikuwa mtu wa usafi. Si usafi wa kufagia tu. Maji ya kunywa aliyachuja mara mbili kwa kitambaa cheupe, akayaacha yatulie, kisha akayachuja tena kama asiyeyaamini. Mgeni akija, glasi aliinua kwanza juu aitazame kwenye mwanga.

"Mgeni hapewi maji yenye mchanga," alikuwa akisema. "Atadhani nyumba nzima iko hivyo."

Mchimba visima, ambaye alikwisha kunywa maji ya kila rangi, alicheka moyoni na kunywa aliyopewa.

Kazi ya kupima maji ya mvua iliingia nyumbani kupitia kwa mke, si mume. Bwawa la mji lilikuwa linajaa tope. Maji yake yanatoka mabonde manne, kila bonde na kijito chake, kila kijito na kalavati yake, njia ya maji iliyojengwa chini ya barabara. Ofisi ya udongo ilitaka kujua ni bonde lipi linaloporomosha udongo kuliko mengine, kwa sababu mawe na watu wa kuzuia mmomonyoko walitosha bonde moja tu kwa mwaka. Wagonjwa wanne, dawa ya mmoja: unaanza na aliyezidiwa. Basi kila bonde likatafutiwa mtu. Mvua ikinyesha, mtu huyo asome rula iliyochorwa ukutani mwa kalavati, ajue maji yamepanda hadi wapi. Kisha achote chupa tatu: ya mwanzo wa mvua, ya katikati, ya mwisho. Chupa ziende ofisini.

Mke alikwenda kwenye mafunzo siku mbili. Akarudi na daftari, kreti ya chupa na maringo. Mume alipewa kazi ya kusimama nyuma yake kalavatini, mkono mmoja na mwamvuli, wa pili umemshika kiunoni asitumbukie.

"Shika hapo, na usiseme kitu," alimwambia.

Hakuwahi kupewa kazi iliyomfaa kama hiyo. Chupa zenyewe hakuziona vizuri. Mke alichota, akafunga, akatia kwenye kreti, akafunika. Mume alikuwa anatazama miguu yake isiteleze, maana akiteleza mmoja wanakwenda wawili.

Walipima hivyo mvua kumi na saba. Ya kumi na nane ilimkuta mke kitandani. Ya kumi na tisa ilinyesha juu ya kaburi lake.

Alizikwa nyuma ya nyumba, pale alipopenda kuanika nguo. Uwanja ule ulikuwa mzuri, ila una jirani mbaya: korongo. Mwaka alioolewa lilikuwa mfereji wa kuruka mtoto. Mwaka aliozikwa, ng'ombe akiingia huoni pembe. Siku ya tatu baada ya mazishi, watu walipokwisha kuondoka na masufuria yao, mume alisimama ukingoni akahesabu hatua hadi miguuni mwa kaburi. Ishirini na mbili. Baada ya kila mvua akahesabu tena. Ishirini na moja. Kumi na tisa. Ukingo ulikuwa ukimeguka kama mkate wa jana.

Hakumwambia mtu, ila alijua mawe yangekuja tu kama bonde lao lingeendelea kupimwa. Watu wa ofisi walipokuja kumpa pole na kuchukua kreti yao, aliwaambia, "Nitapima mimi." Hilo lilikuwa neno la asubuhi, na la jioni akalikopa.

Walimuuliza kama anajua kusoma.

"Rula ina rangi," alijibu.

Kweli ilikuwa na rangi, nyekundu juu, njano katikati, nyeupe chini. Kila mvua aliifungia fundo moja kwenye uzi, asije akasahau. Karatasi za kubandika kwenye chupa alimpelekea shemeji yake, mdogo wa marehemu, mshonaji wa nguo mwenye cherehani barazani, nyumba ya tatu. Huyo alijua kuandika, na alijua kusema zaidi. Kwenye kila karatasi aliandika jina la dada yake, kama lilivyokuwa tangu mwanzo. Hakuna aliyeona sababu ya kulibadilisha.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa nia njema kabisa.

Mvua ya kwanza aliyokwenda peke yake, alichota, akainua chupa, akaitazama. Maji yalikuwa mazito kama uji wa mgonjwa. Akafikiri: hii inakwenda mezani kwa watu wenye mashati meupe, na imebandikwa jina la mke wangu. Watadhani nyumba nzima iko hivyo.

Akaimwaga.

Akaleta ndoo, akachota ndoo nzima, akaibeba hadi nyumbani. Akatoa kitambaa cheupe pale marehemu alipokiacha. Akachuja. Akaacha yatulie. Akachuja tena. Kisha akajaza chupa, akaipangusa nje, akaiinua kwenye mwanga. Kwa maji yale ungeweza kumsafishia kadhi miwani. Mvua moja chupa tatu, ndoo tatu, magoti mawili yanayolia. Hakulalamika. Shemeji yake alipoziona chupa alisifu.

"Maji haya hata mimi ningekunywa," alisema. "Dada angejivuna."

Tope lililobaki kwenye kitambaa hakulitupa. Mchimba visima anajua uzito wa udongo, na anajua kazi ya kuupandisha. Ulikuwa udongo wa bonde lao. Akaona heri uende mahali panapojulikana. Akawa anautandaza juu ya kaburi kwa kiganja. Makaburi ya watu hutitia. La mkewe lilikuwa linapanda.

"Shemeji, dada yangu ananenepa huko," mshonaji alimwambia siku moja, ameshika kiuno.

"Mm."

"Alipokuwa hai hukumpa hata ua. Sasa unamshindilia kila mvua."

"Alikuwa hapendi maua."

"Alikwambia lini?"

Mzee alifikiri. "Hakusema kwamba anapenda," alisema, akaingia ndani.

Mwisho wa msimu orodha ikasomwa ukumbini. Watu wa mabonde manne walikaa kwenye mabenchi, mkuu wa ofisi akasimama mbele na shati lake jeupe. Wa kwanza kwa tope, wale wa bonde la fundi baiskeli, mpimaji mwenzake. Wa pili, wa tatu. Bonde la mzee likawa la mwisho.

"Tena si mwisho tu," mkuu alisema. "Maji yao ni safi ajabu. Tuwapigie makofi."

Watu wakapiga makofi. Fundi baiskeli akamgeukia mzee, akampa mkono. "Hongera, mzee wangu. Ninyi hamna shida."

Mzee alirudi nyumbani na makofi yake. Akaenda nyuma ya nyumba, akahesabu. Kumi na nne. Mwaka unaofuata wangechagua bonde jingine, na mwaka mwingine jingine, na la wasiokuwa na shida lingengoja. Alikaa pale mpaka mshonaji akamwita mara tatu aje ale.

Wiki iliyofuata akaja mpimaji wa ofisi kuchukua vifaa. Alikuwa msichana mrefu, na kwa sababu ya viatu vyake vya mpira vilivyofika magotini watu walimwita Buti. Alikuwa anakagua rula pale kalavatini mvua iliposhuka. Akakimbilia nyumbani kwa mzee kujikinga, akamkuta anatoka na ndoo.

"Babu, acha. Tumekwisha kufunga."

"Inanyesha," mzee alisema.

Kwake hiyo ilikuwa hotuba. Buti akakaa kwenye kigoda, akamngoja. Mzee alirudi ameloa, ndoo imejaa. Akatandika kitambaa cheupe juu ya ndoo ya pili, akakifunga kwa kamba, akaanza kumimina taratibu.

Buti alitazama kidogo. "Babu, unafanya nini?"

"Nachuja."

"Unachuja nini?"

"Tope."

"Tope unalipeleka wapi?"

"Silileti kwenu, usiogope."

Buti akasimama. "Babu, tope ndilo tunalolitaka."

Mzee akaacha kumimina. "La nini?"

"Ndilo tunalolipima. Tunakausha chupa, tunapima uzito wa udongo uliobaki."

"Na maji?"

"Maji yanaondoka zake, babu. Maji hatuna shida nayo."

Mzee akakaa kwenye kigoda alichokiacha Buti. Ndoo ikaendelea kudondosha peke yake, to, to, to.

"Umechuja mvua ngapi?" Buti aliuliza kwa sauti ya mtu anayegusa jino bovu.

Mzee akatoa uzi mfukoni. Mafundo thelathini na moja. Buti akayahesabu kwa kidole, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Ghafla akanyamaza.

"Ndiyo maana," alisema. "Chupa za bibi zilikuwa nzito kuliko za mabonde yote. Halafu zikaja zako kama maji ya theluji. Mkuu akasema haiwezekani, yule mama alikuwa anakomba tope chini kwa uvivu, badala ya kuchota maji yanayopita. Akazifuta."

"Akazifuta."

"Mvua zote kumi na saba. Mstari mwekundu."

Mzee akauviringa uzi wake, akaurudisha mfukoni. Baadaye akauliza, "Yeye alikuwa anawaletea tope?"

"Tope tupu, babu. Uji."

Mzee akamwona mkewe. Yule aliyechuja mara tatu. Yule aliyeinua glasi kwenye mwanga. Siku zote zile, yeye amemshika kiuno na kutazama miguu, na mwanamke yule anaipelekea serikali uji wa udongo kreti kwa kreti, amefunika, bila aibu hata kidogo. Alicheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi, na kicheko kilitoka na kutu.

Mshonaji alikuja mbio na mkasi mkononi. "Kuna nini? Nilidhani umepaliwa."

Buti akamweleza. Mshonaji akasikiliza mpaka mwisho, akaketi sakafuni.

"Na mimi niliyasifu," alisema. "Nimeandika karatasi tisini na tatu za maji ya kunywa."

Lakini mzee alikuwa amekwisha kuacha kucheka.

"Amesemwa mvivu," alisema.

Kesho yake asubuhi alivaa shati lake la mazishi, akajaza chupa moja uji wa kalavati, akaifunika kwa kitambaa cheupe kwa sababu hata ukweli una adabu yake, akaenda ofisini. Mshonaji alikwenda naye amsaidie kusema. Hakusaidia. Mzee aliweka chupa mezani kwa mkuu, akakiondoa kitambaa.

"Chupa za mke wangu ni za kweli," alisema. "Zangu ni za uongo. Nilikuwa nawasafishia."

Mkuu alitazama chupa, akamtazama mzee. "Unatusafishia?"

"Shati lako jeupe."

Mkuu alijitazama shati. Nyuma yake Buti alikuwa anapekua faili asiloliona, mabega yanatikisika.

"Mzee," mkuu alisema, "nimekuelewa. Lakini nina chupa za namna mbili kutoka nyumba moja. Nitajuaje zipi za kuamini? Orodha inatiwa sahihi mwisho wa mwezi. Nipe mvua tatu, Buti achote mwenyewe. Zikilingana na za marehemu, nafuta mstari wangu. Zisipolingana, orodha inabaki."

"Na lile la uvivu?"

"Lipi?"

"Ulisema alikuwa mvivu."

Mkuu aligusa kalamu yake. "Na hilo nitalifuta," alisema. "Kama ni la kufuta."

Basi mzee akaanza kungoja mvua, na kungoja huko kulikuwa na makali mawili. Kila mvua iliyoleta ushahidi karibu ilileta na korongo karibu. Ya kwanza ilikuja baada ya siku nne. Buti akajaza chupa tatu. Kumi na tatu. Ya pili ilikuja kwa nguvu. Chupa tatu nzito. Kumi na mbili. Kisha mbingu ikafunga duka. Siku tisa jua tupu. Mzee akawa anatoka kila saa kutazama juu, hajui aombe nini.

"Omba inyeshe bonde lote isipokuwa uani kwako," mshonaji alimshauri. "Mungu ni fundi, hashindwi."

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi ikanyesha mchana kweupe. Buti alifika ameloa chapachapa. Maji ya kalavati yalikuwa yamefika rangi nyekundu, na ukingo unateleza kama sabuni. Akampa mzee mwamvuli.

"Nishike mkanda huu hapa nyuma, babu. Na usiseme kitu, nahesabu."

Mzee alishika. Mwamvuli ulimyumba kidogo mkononi, Buti akalowa sikio moja.

Safari hii mzee hakutazama miguu. Alinyoosha shingo akatazama chupa inavyozama, inavyojaa, inavyopanda imebeba kile kizito cha rangi ya kahawia. Akaona ilivyokuwa inafanywa.

Hatua zilikuwa kumi na moja.

Matokeo aliyaleta mkuu mwenyewe, daftari kwapani. Mshonaji akasoma kwa sauti, maana mzee asingeweza. Mstari mwekundu ulikuwa umepigwa mstari juu yake, na pembeni imeandikwa: *Vipimo hivi ni sahihi. Mpimaji alikuwa makini.*

"Soma tena," mzee alisema.

Akasoma tena.

"Hapo kwenye makini."

"Alikuwa makini."

"Mm," mzee alisema, akainuka kutafuta kitu ndani ambacho hakikuwepo, akakaa huko kidogo.

Bonde lao likatoka la nne likawa la kwanza. Fundi baiskeli, aliyeshuka hadi wa pili, alimkuta njiani akasimamisha baiskeli. Kinyongo alikuwa nacho, ila cha kutembea nacho tu, si cha kulala nacho.

"Hongera, Chujio," alisema. "Sasa ninyi ndio wachafu kuliko wote."

Jina likashika hapo hapo. Kufika jioni hata watoto wa shule walikuwa nalo.

Mawe yalikuja. Watu wakajenga vizuizi ndani ya korongo, ngazi kwa ngazi, na juu yake wakachimba mtaro wa kuyageuza maji, wakapanda nyasi ukingoni. Buti akapigilia chuma pale ukingo ulipoishia, ili ionekane kama utasogea tena. Chujio alishinda nao, akibeba mawe madogo na kuwaonyesha kwa kidole yalipokaa vibaya. Mchimba visima anajua jiwe linalodanganya.

Mvua kubwa ya kwanza ya msimu mpya ilinyesha alasiri. Ilipokatika, alitoka nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa yamesimama nyuma ya kila kizuizi, yamenyamaza, yanatua tope lake. Chuma kilikuwa palepale. Hata hivyo akahesabu.

"Kumi na moja," alisema.

Mshonaji alikuwa amemfuata, kanyanyua nguo asichafuke. "Usijidanganye, shemeji. Hatua zako zinafupika. Utabaki kusema kumi na moja na korongo limefika vidoleni kwake."

Chujio alilifikiria hilo. Lilikuwa na akili, na ndilo lililomuudhi.

"Hesabu wewe," alisema.

Mshonaji akahesabu kwa sauti, ukingoni hadi kaburini. "Kumi na tatu."

"Una miguu mifupi."

"Miguu ya ukoo. Dada alikuwa na hii hii miaka arobaini na moja, hukulalamika."

Chujio alitazama kaburi, lilivyonenepa. Tope alikuwa ameacha kuliongeza. Sasa lilikwenda ofisini, lote, kwenye chupa, pamoja na jina la marehemu.

"Basi kumi na tatu," alisema. "Tutumie zako."

"Nitakuwa nakuja kila mvua? Nina cherehani mimi."

"Njoo."

Wakaingia jikoni. Mshonaji akakaa, akalalamikia matope miguuni, akaomba maji. Chujio akateremsha kitambaa cheupe kwenye msumari. Akachuja, akangoja yatulie, akachuja tena. Kisha akainua glasi juu, akaitazama kwenye mwanga, ndipo akampa.